Kuhesabu seli shina kwenye damu: maana yake nini?

Seli shina za damu makao yake ni kwenye uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa. Humo ndimo zinamogawanyika na kuzaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Hata mtu mwenye afya ana chache zinazotoka na kuzurura kwenye damu, lakini ni chache kwelikweli. Mikrolita moja, kama sehemu ya hamsini ya tone, ina chembe nyeupe maelfu, na seli hizi humo kwa kawaida hazifiki hata kumi.

Sasa kuna saratani za damu zinazokwenda polepole, kwa miaka. Mojawapo ni mayelofibrosisi. Uboho hujaa nyuzi kama za kovu, na vimeng'enya hukatakata protini zinazozishikilia seli shina mahali pake. Zikishaachia, huingia kwenye damu kwa wingi, na nyingine hutua kwenye bandama na kuanza kutengeneza damu hukohuko. Bandama huvimba. Ndipo unamsikia mgonjwa akisema upande wa kushoto ni mzito, na matonge mawili tu ameshashiba.

Kwa hadubini huwezi kuzihesabu. Zinafanana mno na chembe nyeupe za aina ya limfosaiti. Zinatafutwa kwa alama iliyo juu ya ngozi yake, CD34, iliyotangazwa mwaka 1984 na kundi la Curt Civin wa Johns Hopkins, Marekani. Damu hutolewa mkononi kama kawaida, ikaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Fundi wa maabara huitia kingamwili zenye rangi zinazoing'ang'ania CD34, kisha mashine iitwayo flosaitometa huzipitisha chembe moja moja mbele ya leza. Inayong'aa inahesabiwa. Kwa kuwa ni adimu, hupitishwa makumi ya maelfu ili hesabu iaminike. (Kusema kweli, jina "seli shina" hapa ni la heshima tu: nyingi kati ya zinazong'aa ni watoto wake wa karibu, nao wanabeba alama hiyohiyo.)

Mwaka 2001 watafiti wa Pavia, Italia, walionyesha kuwa hesabu inayozidi 15 kwa mikrolita husaidia kuitenga mayelofibrosisi na ndugu zake, yaani zile saratani nyingine za damu zinazokwenda polepole, na kwamba wenye zaidi ya 300 walikuwa karibu zaidi na kugeukiwa na lukemia kali, saratani ya damu inayokwenda mbio. Hata hivyo kipimo hiki hakitoshi kutaja ugonjwa. Kipande cha uboho bado lazima kichukuliwe.

Tena namba yenyewe haina maana bila kujua ni ya nani. Mgonjwa wa mayeloma, saratani nyingine ya uboho, anayeandaliwa kupandikizwa seli shina hudungwa makusudi sindano za G-CSF, dawa inayozisukuma seli hizo zitoke mfupani. Namba 20, inayomkunjisha uso daktari wa mayelofibrosisi, hapa ndiyo inayosubiriwa asubuhi ili mashine ya kuvuna iwashwe.