Katwe: bajeti inayosubiri jua

Ninapowafundisha madiwani wapya kazi ya baraza, naanza na ramani, sheria baadaye. Ramani ninayoipenda kuliko zote ni ya Katwe-Kabatoro, mji mdogo wa wilaya ya Kasese nchini Uganda, kusini kidogo ya ikweta.

Tazama ulivyobanwa. Upande mmoja ni Ziwa Edward na mitumbwi ya wavuvi. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, ndani ya kasoko ya volkano, limelala Ziwa Katwe, ambalo maji yake ni chumvi tupu. Kwingine kote ni hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952. Mji hauna pa kujinyoosha, kilimo hakina nafasi, na usiku viboko hupita kati ya nyumba. Kilichobaki ni samaki, wageni wachache, na chumvi.

Ziwa Katwe hupokea maji ya chemchemi zenye chumvi, lakini halina mto wa kuyatoa. Maji huondoka kwa njia moja tu, jua. Wanaume huingia ziwani na vyelezo, wakavunja mawe ya chumvi chini kwa mtaimbo. Kandokando kuna vidimbwi vilivyogawanywa kwa kuta za tope na fito. Nilisimama siku moja na mama mmoja, maji yakimfika magotini. Juu ya kidimbwi chake palikuwa na utando mweupe wa chumvi, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Aliurushia maji kwa kiganja, ukakatika, ukazama. “Utando usipozama, mwalimu, chumvi haijai chini,” akaniambia. Miguu yake ilikuwa imechubuka na kupasuka, na watu wengi wanaofanya kazi hii wako hivyo hivyo. Jambo hilo huniuma kila niendapo.

Chumvi hii ilipiganiwa zamani. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, aliitwaa, kwa sababu aliyeishika Katwe alishika biashara ya eneo zima. Mvumbuzi wa Kizungu Stanley alipita hapa mwaka 1889. Mwaka 1891 afisa Mwingereza Lugard akawafukuza watu wa Kabalega, akajenga ngome aliyoiita Fort George, na Kasagama akarudishiwa ufalme wa Toro. Katika miaka ya 1970 kikaanza kujengwa kiwanda kikubwa kwa fedha na utaalamu wa Ujerumani. Mabomba yakaliwa na maji yenyewe ya ziwa, na kiwanda hakikudumu. Vidimbwi vya tope vikaendelea na kazi.

Sasa serikali ya mji. Baraza la mji ni ngazi ya LC3 (LC ni Local Council, yaani baraza la mtaa), sawa na kata ndogo za vijijini, lakini mfuko wake ni tofauti. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, kata ndogo hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya na kuipelekea wilaya iliyobaki. Baraza la mji husimamia mapato yake lenyewe. Watu husikia hilo wakafurahi. Mimi huwauliza: mapato yapi? Hapa ushuru wa chumvi ni nguzo, na mvua ikinyesha sana maji ya vidimbwi huzimuka, chumvi haigandi, magari hayaji kupakia. Hifadhi nayo hutenga asilimia 20 ya viingilio vya lango kwa jamii zinazoizunguka, lakini fedha hiyo ina wagawanaji wengi. Kwa hiyo diwani wa Katwe anayepanga matumizi bila kuuliza majira ya mvua anaandika ndoto.

Chini ya baraza kuna kata za LC2 na vijiji vya LC1. Viongozi wa ngazi hizo mbili walikaa tangu 2001 bila uchaguzi, hadi Julai 2018 watu walipopanga mstari nyuma ya wagombea wao hadharani. Kwa hapa kumchagua mwenyekiti wa LC1 lilikuwa jambo zito, kwa sababu ya vidimbwi. Vidimbwi hurithiwa ndani ya familia na hukodishwa. Yule mama alikipata chake kwa mama yake, na mpaka na jirani ni ukingo wa tope usiozidi upana wa unyayo. Mvua ikiubomoa usiku, asubuhi anayeitwa kwanza ni mwenyekiti wa LC1, naye huja na fimbo ya kupimia.