Je, wajua kwa nini nchi iliyojenga "Russia" ya Kisumu ilikosa sabuni?

Mwambie mwendesha bodaboda yeyote wa Kisumu akupeleke Russia, naye atakushusha kwenye lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina hilo limedumu tangu miaka ya 1960, Umoja wa Kisovieti ulipofadhili ujenzi wake. Ilifunguliwa Oktoba 1969, siku ambayo Nyanza haijaisahau kwa sababu ya risasi na vifo.

Miaka 20 baadaye, Julai 1989, wachimba makaa ya mawe wa Siberia waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwamo sabuni ya kuogea. Desemba 1991 nchi yenyewe ikavunjika. Taifa lililorusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, na ambalo katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limeipita Marekani kwa kufua chuma cha pua (steel), lilishindwaje kumpa mchimba migodi sabuni?

Wengi hujibu kwamba watu wakilishwa na serikali huwa wavivu. Sikubaliani nao. Wachimba migodi wale walifanya kazi ngumu kuliko wengi wetu. Kasoro ilikuwa katika namna maamuzi yalivyofanywa. Ofisi iitwayo Gosplan, iliyoundwa mwaka 1921, ndiyo iliyoandaa mipango ya miaka mitano kuanzia 1928: tani ngapi za saruji, jozi ngapi za viatu, kiwanda gani kimpe nani nini. Bei nazo zilipangwa na serikali.

Hapo kwenye bei ndipo mambo yalipoharibikia. Tazama omena, yaani dagaa, pale soko la Kibuye, Kisumu. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, mavuno hupungua, na gorogoro, kile kikopo cha kupimia, hupanda bei. Mama aliyetaka gorogoro nzima huchukua nusu, mwingine hugeukia kunde, na mchuuzi hutafuta ufuo wenye samaki. Hakuna afisa aliyewaamuru. Bei imewapasha habari wote kwa wakati mmoja. Mwanauchumi Ludwig von Mises aliandika mwaka 1920 kwamba bila bei za kweli mpangaji hawezi kujua kipi ni adimu na kipi kinapotezwa bure. Naamini historia ilimthibitisha.

Wazee wa Trans Nzoia na Bungoma wanaweza kukueleza ladha ndogo ya jambo hilo. Hadi mapema miaka ya 1990, serikali yetu ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na kuyavusha kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Hilo lilikuwa zao moja tu. Moscow ilijaribu kufanya hivyo kwa kila kitu, hadi misumari.

Matokeo yake yalionekana viwandani. Kiwanda kilipopimwa kwa uzito wa bidhaa, kilitengeneza vitu vizito. Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa nchi, alilalamika kuhusu taa za dari zilizotengenezwa nzito kupita kiasi ili kutimiza tani za mpango. Aliyevuka lengo mwaka huu aliongezewa lengo mwaka ujao, kwa hiyo mameneja walificha uwezo wao na kulimbikiza vyuma ghalani. Kiwanda kilichopata hasara hakikufungwa, kiliongezewa fedha tu. Mwanauchumi János Kornai wa Hungary alionyesha kwamba mfumo wa namna hiyo huzaa uhaba wenyewe, hata pasipo ukame wala vita. Na Moscow ikaendelea kupanga ya mwaka ujao kwa taarifa zilizopikwa.

Kwa nini basi hawakurekebisha bei? Walijaribu. Juni 1962 bei ya nyama na siagi ilipandishwa, wafanyakazi wa Novocherkassk wakaandamana, na askari wakawaua zaidi ya 20. Baada ya hapo viongozi waliogopa. Bei rasmi ya nyama haikuguswa kwa karibu miaka 30, ruzuku ikavimba, na foleni zikarefuka. Ninaona huo ndio mtego hasa: serikali ikishajitwika kila bei, kila ongezeko la bei ni ugomvi kati yake na wananchi. Poland ilipopandisha nyama mwaka 1980, migomo iliyofuata ilizaa Solidarność, chama huru cha wafanyakazi.

Kilimo cha pamoja nacho hakikuwashibisha. Tangu 1963 nchi hiyo yenye ardhi kubwa kuliko zote duniani ilinunua nafaka nje, na kadiri miaka ilivyopita fedha za mafuta ndizo zilizolipia. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986, fedha hizo zikapungua. Gorbachev, aliyeingia madarakani 1985, aliwapa mameneja uhuru zaidi wa kupandisha mishahara lakini akaacha bei zilivyokuwa. Watu wakawa na rubli nyingi mfukoni na rafu tupu madukani. Utaifa wa jamhuri zilizounda Umoja huo na siasa vikamaliza kilichobaki.

China, nayo ya kikomunisti, ilianzia mageuzi yake shambani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, familia za wakulima zilikabidhiwa vipande vya ardhi, zikatoa fungu la serikali na kuuza ziada sokoni kwa bei ya soko. Mavuno ya nafaka yalipanda ndani ya miaka michache, na chama kilekile cha kikomunisti kingali kinatawala.