Kantri ya asili ni ipi hasa, na kwa nini Jim Reeves sio mfano mzuri

Watu wengi wakisikia kantri ya asili wanajua ni kantri ya zamani, yaani ngoma yoyote ile mzee alikuwa anaiweka redioni Jumapili asubuhi. Hapana jamani. Zamani ni umri tu, asili ni vile wimbo umepigwa na unachokisema, na mtu wa kumsikiliza ili uelewe ni Alan Jackson, mwimbaji wa kantri, mzee wa Newnan, Georgia, kule Marekani, aliyetoa albamu ya Where Have You Gone mwezi wa 5 mwaka 2021 baada ya kukaa karibu miaka 6 bila albamu mpya. Nyimbo 21! Na ule wimbo uliobeba jina la albamu anaiuliza kantri yenyewe imeenda wapi, anaiita kama mtu anayemlilia mpenzi aliyeondoka.

Ukiiweka tu unakutana na fidla, yaani vayolini inayopigwa kikantri, na kuna pedo stil, na hiyo pedo stil ndo roho ya mambo yote. Ni gita lakini halibebwi, limelazwa kama meza yenye miguu, kwa kawaida lina nyuzi 10, mpigaji amekaa kwenye kiti, mkono wa kushoto kashika kipande cha chuma anakitelezesha juu ya nyuzi, wa kulia unakwanyua, alafu huku chini miguu inakanyaga pedali na magoti yanasukuma vyuma vingine ili sauti ya uzi mmoja ipande au ishuke wakati nyuzi nyingine zimetulia. Ndo maana noti haikatiki, inavutwa polepole kama mtu anajizuia kulia akashindwa. Kinanda kinaweza kuigiza lakini sikio lililozoea linajua.

Kingine ni maneno. Kantri ya asili inaongelea vitu vya nyumbani bila kuzunguka, na kwenye albamu hiyo Jackson ameweka wimbo alioandika kwa ajili ya mazishi ya mama yake, na nyingine za harusi za mabinti zake.

Sasa Jim Reeves. Kwetu Kenya huyu ndo baba wa kantri ya zamani, na mimi nampenda sana, lakini yeye alikuwa upande ule mwingine kabisa. Mwisho wa miaka ya 1950 maprodyuza wa Nashville, mji wa Marekani ambao ndo makao ya kantri, walianza kupunguza fidla na stil, wakaweka waitikiaji wa sauti laini na kundi la vayolini laini nyuma ili wauze hadi kwa wasikilizaji wa pop, na Reeves alikuwa nyota mkubwa wa stail hiyo mpaka ajali ya ndege ilipomuua 1964. Kwa hiyo ni wa zamani lakini sio wa asili kwa maana hii, na Jackson wa 2021 ni mpya na ni wa asili.

Na msimamo wa Jackson haukuanza juzi. Mwaka 1999 kwenye tuzo za CMA, zile za chama cha muziki wa kantri Marekani, mwimbaji mkongwe George Jones aliambiwa afupishe wimbo wake Choices, akagoma kwenda. Jackson alipanda kuimba wake, kufika katikati akaukata, akaingia kwenye Choices mbele ya watu wote, alafu akashuka jukwaani.