Kumpima mtia nia wa CCM: hesabu kura za waliokatwa

Kila nikiulizwa nampimaje mtia nia wa urais ndani ya CCM, huwa narudi Dodoma, Julai 2015. Makada 42 walichukua fomu, kila mmoja kwa shilingi milioni moja, wakatakiwa kusaka wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake ya Zanzibar. Mitaani ubishi haukuwepo: Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikuwa amewaacha wenzake mbali. Kila mkoa aliotia mguu, watu walifurika kumdhamini. Lakini masharti yalitaka wadhamini 450 tu. Sahihi ya 451 haikuwa na kazi yoyote kikaoni.

Ndiyo maana swali la nani anapendwa zaidi naliweka kando mwanzoni. Nauliza kwanza jina lake litapita mbele ya kina nani. Mwaka ule majina yalichambuliwa na Kamati ya Maadili, yakaenda Kamati Kuu kutoa tano bora, Halmashauri Kuu ikabakiza tatu, ndipo Mkutano Mkuu ukapiga kura. Lowassa alikuwa na watu wengi kwenye vikao viwili vya mwisho. Kamati Kuu ni kikao kidogo, mwenyekiti akiwa Jakaya Kikwete, na humo ndimo jina lake lilimokatwa. Wajumbe watatu wa kamati hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kuukana uamuzi. Halmashauri Kuu ilipokutana, wajumbe wakaimba kwamba wana imani na Lowassa, mwenyekiti akiwasikia.

Waimbaji hao walikuwa bado na kura mkononi, jambo ambalo wachambuzi wengi walilisahau siku ile.

Tano bora ilikuwa na Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Kwa wasifu na mtandao wa watu, wengi walimpa Membe, waziri wa mambo ya nje. Lakini kambi yake na ya Lowassa zilikuwa zimevutana kwa miaka, na ni vigumu mtu aliyekatiwa wake jana ampe kura hasimu wake leo. Membe hakuingia tatu bora, na kwa tathmini yangu hasira ile ndiyo iliyommaliza.

Magufuli, waziri wa ujenzi, alichukua fomu bila misafara wala ngoma. Februari 2014 chama kiliwapa adhabu makada sita kwa kuanza kampeni mapema, Lowassa, Membe na Makamba wakiwamo, yeye hakuwamo. Wengi waliisoma orodha ile kama habari ya nidhamu. Mimi naisoma kama orodha ya wenye makundi, na mwenye kundi ana maadui wa kurithi. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59.

Msichukue hapo kwamba asiye na kundi ndiye hushinda. Mwaka 2005 Kikwete alikuja na kundi lililojulikana hadi kwa jina, "mtandao", akapata 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Alipita moja kwa moja, hakuhitaji kuazima kura kwa mtu. Lakini mwaka 1995 huyohuyo Kikwete aliongoza duru ya kwanza, Cleopa Msuya akatoka, na duru ya pili Benjamin Mkapa akashinda kwa 686 kwa 639. Kura za Msuya zilipokwenda ndipo urais ulipokwenda.

Kwa hiyo nikipewa orodha mpya, kando ya kila jina naandika nani atalikubali iwapo mtu wake mwenyewe atakatwa. Wapo watia nia wenye mabango nchi nzima ambao nafasi hiyo naiacha tupu. Tena wa kukatwa wana pa kwenda: Julai 28, 2015 Lowassa alihamia Chadema, chama cha upinzani, na kwenye uchaguzi mkuu wa Oktoba akapata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40.