Kibushi kina "ki-" mbele lakini sio Kibantu

Zikitajwa lugha za Mayotte, kile kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa, lazima atokee mtu aseme aah Kibushi si ndo Kikomoro hichohicho, si unaona kina ki- kama Kiswahili. Hapana bana. Hiyo ki- ni nguo ya kuazima. Jirani zao wanaoongea Shimaore, ambao hao kweli ni Wabantu wenzetu, wanaiita Madagaska Bushini, na sisi huku zamani tulikuwa tunaiita Bukini, kwahiyo lugha ya watu wa huko ikaitwa Kibushi, au Shibushi kwa wale ambao ki yao ishageuka shi. Wazenji mnaijua ngoma ya kibuki, yale mapepo yanayodai brandi, basi jina ni hilohilo. Sasa ukiivua hiyo ki- unakuta chini yake Kimalagasi cha kaskazini magharibi mwa Madagaska, yaani lugha ya Kiaustronesia, ukoo mmoja na Kimalei na Kihawaii.

Hapo ndo wengi wanagoma, Madagaska iko hapo tu iweje lugha itoke Indonesia? Haya hesabu basi. Mmalagasi akifika saba na nane anasema fito, valo. Mfiji yuko Pasifiki huko, hawajawahi hata kuonana, anasema vitu, walu. Mwaka 1951 Mnorwe mmoja, Otto Christian Dahl, alikaa akalinganisha Kimalagasi na Kimaanyan cha kusini mwa Borneo akaonyesha kwamba ndo ndugu yake wa karibu kabisa.

"Mbona sasa wana maneno yetu?" Wanayo ndio. Ng'ombe kwa Kimalagasi ni omby, kuku ni akoho, kondoo ondry, mbwa amboa, kanga yule ndege ni akanga. Ila itazame hiyo orodha vizuri, wote ni wanyama na ndege. Waliwapata kwa Wabantu wakawachukua pamoja na majina yao. Sisi wenyewe tunakula kwenye meza, neno la Mreno hilo, na hakuna anayetuita Wareno.

Kingine wanasemaga matamshi yake hayatamkiki. Kwa Mfaransa sawa, nakubali. Kwa mtu wa pwani sioni shida iko wapi, kwasababu Kibushi kina b na d za kuvuta hewa ndani kidogo, zilezile za mzee wa Kiswahili akitamka baba na dada, na kina ng' ya ng'ombe ambayo Kimalagasi sanifu cha Antananarivo hakina. Kazi iko kwenye tr na dr tu, ulimi unajikunja nyuma kidogo. Na maneno yanaishia na irabu kama yetu. Hii ya irabu mi naipenda sana, maana Mmalei mbingu anaiita langit na ngozi kulit, anakata hapo kwenye t, lakini Mmalagasi kaongezea mkia, lanitra, hoditra. Dahl aliona huo mkia ni kazi ya Wabantu waliojifunza hiyo lugha wakashindwa kuishia hewani na konsonanti. Kama ni hivyo basi alama yetu iko mdomoni zaidi kuliko kwenye msamiati.

Sasa ile inayoniudhi, eti lugha isiyo na ngeli wala wingi haina sarufi. Kweli vato ni jiwe na vato ni mawe, hakuna ji- wala ma-. Lakini hebu chukua Kimalagasi sanifu, Mihinana vary ny vehivavy, neno kwa neno ni "anakula wali mwanamke", kitenzi kwanza na mlaji mwisho. Sisi mlaji tunampachika kwenye kitenzi, nakula, unakula, anakula, wao kitenzi hakijali ni nani, kinachobadilika mbele ni wakati: mihinana sasa, nihinana zamani, hihinana baadaye. Halafu kuna hii, nguo ninayoifua ni sasako ny lamba, ila nikitaka sabuni ndo iwe mwenyewe wa sentensi kitenzi kinageuka, anasako lamba ny savony, yaani sabuni ndo ninayofulia nguo. Sisi tunaongeza -i- ya kufulia, wao wanaisogeza sentensi nzima. Na kwenye "sisi" wametuacha mbali. Ukisema kwa Kiswahili tunaenda kula, mgeni anabaki ameduwaa hajui kama kaalikwa au anaagwa. Kimalagasi kina isika, sisi na wewe ukiwemo, na izahay, sisi bila wewe, huko kaskazini wanasema atsika na zahay. Umealikwa au hujaalikwa, unajua palepale.

Eti waongeaji wa Kibushi waliletwa Mayotte na Wafaransa? Aliyewauzia Wafaransa Mayotte mwaka 1841 alikuwa Andriantsoly, Msakalava, yaani mtu wa kabila la magharibi mwa Madagaska, sasa muuzaji ataletwaje na mnunuzi? Wasakalava hao walikuwa wanaisumbua Komoro tangu mwisho wa karne ya 18, na watu wa Mafia wanasimulia mpaka leo walivyokuja kuubomoa mji wa Kua. Hata vijiji vya Kibushi sio vya aina moja, wapo wa Kisakalava na wapo wa Kiantalaotsi, Antalaotra maana yake watu wa bahari, na hiyo laotra ni laut ya Kimalei, bahari.

Ya kwamba hakiandikwi imepitwa na wakati. Mwaka 2020 baraza la Mayotte lilipitisha tahajia rasmi ya Kibushi na ya Shimaore, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu zote mbili, na zile b na d za kuvuta hewa zikapewa herufi zao, ɓ na ɗ, kitu ambacho sisi wenye baba na dada hatujawahi kujisumbua nacho.