Pesa za kwenye droo si faida

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye makundi ya simu: biashara ndogo haihitaji daftari, hesabu pesa za jioni, utakazozikuta ndizo faida yako. Si kweli.

Pesa za jioni ni mauzo yaliyolipwa taslimu. Ndani yake kuna gharama ya bidhaa zenyewe, pango, umeme, nauli, pengine na deni la zamani ambalo mteja amelilipa leo. Ukinunua kitu kwa 700 ukakiuza kwa 1,000, faida ghafi ni 300, na matumizi bado hayajatolewa. Kinyume chake pia hutokea: umeuza kwa mkopo, faida ipo, droo tupu.

Kuchanganyikiwa hapa kunaeleweka. Pesa unaishika, deni hulioni. Tena wengi wetu mfuko wa nyumbani na wa biashara ni mmoja.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe kwa mwezi mmoja. Andika mauzo yote, ya mkopo yakiwemo, na matumizi yote ya biashara, kama pango na nauli, bila kuhesabu ununuzi wa bidhaa. Chukua thamani ya bidhaa za mwanzo wa mwezi, ongeza ulizonunua, toa zilizobaki: hiyo ndiyo gharama ya ulichouza. Iondoe kwenye mauzo, uondoe na matumizi; kinachobaki ndicho faida. Kisha ilinganishe na droo.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.