Barafu ya Kibo si tangi la Mto Pangani

Dhana: Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, Pangani nao utakauka.

Hii ndiyo husikika kuliko zote, na picha za Kibo, kilele kirefu zaidi cha mlima huo, chenye viraka vyeupe huipa nguvu. Kupungua kwa barafu si uzushi: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12, kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Ila kule juu ni baridi na pakavu mno, kiasi kwamba barafu nyingi ya kileleni haipitii hata hatua ya kuwa maji. Inageuka mvuke papo hapo na kupeperushwa na upepo.

Kinachoulisha mto ni msitu. Mteremko wa kusini, mita 2,000 na ushei juu ya bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Kilele hakipati hata robo yake. Juu zaidi, majani na mimea inayoota kwenye matawi hunasa ukungu na kuudondosha tone kwa tone. Maji hayo hupenya kwenye miamba ya volkano, kisha huibuka chini kabisa kama chemchemi: Njoro pale Moshi, au Chemka, ambako watu huenda kuogelea katikati ya nyika kavu bila kujiuliza maji yale yamenyesha wapi. Kwa hiyo mimi moto wa Oktoba 2020 mlimani ulinitisha kuliko picha yoyote ya barafu. Mti ukiungua, wa kuunasa ukungu hayupo.

Dhana: Mlima mmoja, bonde moja.

Hapana. Mgongo wa ardhi ndio unaoamua tone lielekee wapi. Likianguka upande wa Moshi, huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Korogwe, Hale na mji wa Pangani. Likianguka kaskazini, laweza kuishia kwenye vinamasi vya Amboseli, bonde lisilo na njia ya kutokea baharini. Na la kaskazini mashariki laweza kuingia Mto Tsavo na kumwagikia baharini karibu na Malindi, Kenya, nchi nyingine kabisa.

Dhana: Maji yanayofika baharini yamepotea bure.

Wakulima wengi huamini hivi, na ukimkuta mtu anagombea zamu ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, wakati wa kiangazi utamwelewa. Lakini mto ukinyong'onyea, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia ndani ya mkondo, na wanaoumia ni watu wa mji wa Pangani na mashamba ya kando ya mto. Ukitaka upotevu, tazama Nyumba ya Mungu: bwawa pana, kina kifupi, jua kali. Hapo maji mengi huondoka kama mvuke kabla hayajazungusha mtambo wowote wa umeme huko chini Hale.